Serikali ikikosa fedha, sanaa ikatwe wapi? Tuanzie Bagamoyo na Tanga

#1 Mleta uzi (Bagamoyo)

Wakuu, habari za jioni.

Bajeti ikikaribia kusomwa Dodoma, maneno ya hapa Bagamoyo huwa ni yale yale kuanzia Magomeni hadi soko la samaki: zahanati haina dawa, watoto wanasomea sakafuni, halafu serikali itoe fedha ya ngoma? Safari hii wanaosema hivyo wana sababu nzito kuliko zamani. Marekani ililifunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, na huduma zilizoegemea fedha zile zimeyumba. Maisha yamebana. Anayeuliza kwa nini sanaa ipewe hata shilingi hastahili kubezwa, ajibiwe kwa hoja.

Msimamo wangu ni huu: serikali ikikosa fedha ikate majukwaa, isikate walimu. Onyesho likiahirishwa mwaka huu litafanyika mwakani. Fundi wa zeze akifa bila mwanafunzi, hata bajeti ikinenepa vipi huko mbele, ule ufundi haupo tena.

Na sisi wa Bagamoyo tunayo ya kusema kuliko wengine. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Wenye umri wanaujua wakati ule ulivyokuwa. Vita vya Kagera vimeisha 1979 na vimeacha hazina tupu, mafuta yamepanda bei dunia nzima, sukari na sabuni ni kwa foleni, kanga ni kwa kujuana na muuza duka. 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi. 1986 nchi ikalazimika kukubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Katikati ya dhiki hiyo ndipo serikali ikafungua chuo cha ngoma, maigizo, muziki na sarakasi.

Haikufanya hivyo kwa anasa. Tangu uhuru serikali ilikuwa na vikundi vya taifa: cha ngoma, cha sarakasi ambacho vijana wake walipelekwa China miaka ya 60 kujifunza, na cha maigizo. Wasanii wale walikuwa wakilipwa mshahara. Vikundi vilipovunjwa, ujuzi uliokusanywa kwa karibu miaka ishirini ungeweza kutawanyika kila mtu kijijini kwake. Badala yake wasanii wakaletwa hapa wawe walimu. Mmakonde anayeijua sindimba, Mngoni wa lizombe, Msukuma wa bugobogobo, wote wakakaa uwanja mmoja na kufundisha vijana ambao hawakuzaliwa kwenye ngoma hizo. Mwaka uliofuata, 1982, likaanza Tamasha la Sanaa la Bagamoyo ambalo watoto wa hapa wamekua nalo.

Hukwe Zawose ni mfano unaotosha. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba (ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), na sauti ya kuimba ambayo ukiisikia unatulia. Mwalimu Nyerere alivutiwa naye, akaitwa Dar es Salaam miaka ya 60, akaingia kikundi cha taifa, halafu akahamia Bagamoyo. Alifariki Desemba 2003. Leo Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo wake waliokulia hapa hapa, wanapiga muziki ule kwenye majukwaa ya Ulaya. Kama hakungekuwa na mshahara ule mdogo wa serikali uliomweka mzee mahali pamoja, ana shamba lake, ana watoto wanaomtazama akichonga na kupiga kila siku, sijui ile ilimba ingeshikwa na nani.

Kwa hiyo ninapoambiwa "hali ngumu, tukate", naomba tutofautishe. Kuna fedha ya mahema, fulana, spika za kukodi, usiku wa tuzo na vikundi vya ngoma vinavyobebwa kwenye maroli kwenda kupokea wageni. Hiyo ikatwe leo, sitalia. Halafu kuna fedha ya kumlipa mzee afundishe, ya kununua ngozi na mti wa kuchongea, ya kurekodi, ya kumsomesha kijana ambaye mzazi wake ni mvuvi. Hii ya pili ndiyo ndogo, na ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu haipigiwi picha.

Karibuni. Wa Tanga njooni pia, kwenu kuna somo lake.

#2 Mchangiaji (muuguzi, wilaya ya Bagamoyo)

Mleta uzi nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, lakini mimi niko wodini. Mama anakuja kujifungua anaambiwa alete glovu zake. Wewe unaniambia habari ya ngozi ya ngoma. Nisaidie: kwenye shilingi moja iliyobaki, unampa nani?

Na usinijibu kwamba bajeti ya sanaa ni ndogo mno haitoshi hata kununua glovu. Kila wizara inasema yake ni ndogo. Zikijumlishwa hizo ndogo zote unapata hospitali.

#3 Mchangiaji (Ngamiani, Tanga)

Naomba niingilie kabla mleta uzi hajajibu, kwa sababu Tanga tulikwenda njia nyingine kabisa na matokeo yake tunayaona.

Miaka ya 50 na 60 Tanga ilikuwa na fedha. Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa mkonge, na katikati ya miaka ya 60 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka mkoa huu. Mashamba yalijaa watu wa kila kabila waliokuja kukata mkonge. Mshahara ukitoka, watu wanataka dansi. Ndipo zikashamiri Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Hiyo Jamhuri mwanzo iliitwa Young Nyamwezi, na jina lenyewe linakwambia ilitoka kwa watu gani. Upande wa taarab tulikuwa na Black Star na Lucky Star, vijana walioingiza gitaa na mapigo ya dansi kwenye taarab, wakaimba Kiswahili ambacho hata mtu wa bara alikielewa. Mwimbaji Shakila Saidi, sauti yake ilitokea huku.

Serikali haikulipia chochote katika hayo. Klabu zilikuwa za wanachama, kiingilio kilitoka mfukoni mwa mkata mkonge, kuli wa bandarini na mfanyakazi wa reli. Anayesema sanaa nzuri inajilipa yenyewe, Tanga ya miaka ile ni shahidi wake mkubwa.

Halafu kamba za nailoni zikaingia soko la dunia. Bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya 1967, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka mpaka mwishoni mwa miaka ya 80 haukufika hata robo ya ule wa zamani. Wafanyakazi wakaondoka. Kiingilio kikaondoka nao. Wilson Kinyonga na ndugu yake George Peter, waliokuwa Jamhuri Jazz hapa Tanga, walipitia Arusha wakaishia Nairobi, na huko ndiko ikazaliwa Simba Wanyika, kisha kwa mgawanyiko wake Les Wanyika. Muziki wenye asili ya Tanga ukawajengea Wakenya kampuni za kurekodi. Sina kinyongo na Nairobi, waliwapokea vijana wetu vizuri. Ila hapa nyumbani hapakubaki shule, hapakubaki vyombo, hapakubaki mtu anayelipwa kumfundisha kijana lile gitaa la Tanga.

Wala Shakila hakubaki. Baadaye aliimbia kikundi cha taarab cha jeshi, JWTZ, yaani mwisho wa siku ni fedha ya umma iliyompa jukwaa. Mbona hilo halisemwi?

#4 Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu wa Ngamiani umegusa penyewe. Watu wanadhani ruzuku ya sanaa ni jambo la wizara peke yake. Nchi hii kwa miaka mingi ilifadhili muziki kupitia mashirika ya umma na vyombo vya dola. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kwa kubadili majina mpaka leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. Mlimani Park iliendeshwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi lina bendi, Magereza lina bendi. Shirika linanunua vyombo, mwanamuziki anaajiriwa, ana mshahara mwisho wa mwezi, akiumwa anatibiwa.

Na studio? Ilikuwa Radio Tanzania. Ndiyo maana nyimbo za Atomic unazisikia hadi leo, kwa sababu redio ya serikali iliziweka kwenye tepu. Malipo kwa wanamuziki yalikuwa madogo na hilo ni deni ambalo halijalipwa. Lakini tepu zipo TBC, shirika la utangazaji la taifa.

Miaka ya 90 mashirika yakabinafsishwa. Mwekezaji hakununua kiwanda ili afuge bendi. Hakuna kikao cha Bunge kilichokaa kikasema "tunafuta ufadhili wa muziki wa dansi", ilitokea tu kama matokeo ya uamuzi mwingine. Hivi ndivyo sanaa inavyokatwa Tanzania, mtu hata hajui kama kuna kitu amekikata.

#5 Mleta uzi

Dada muuguzi, swali lako nilianze kwa kulikubali jinsi lilivyo. Glovu kwanza. Mama anayejifungua hawezi kusubiri, na mtu akiniletea mezani fedha ya glovu na fedha ya ngoma, moja tu, nachukua ya glovu. Sitaki kushinda ubishi kwa kukwepa hapo.

Lakini tuangalie jinsi bajeti inavyokatwa kweli kweli. Fedha ya mafunzo ya sanaa ikiondolewa haiendi wodini kwako. Inabaki kwenye fungu la wizara ile ile, na ndani ya fungu hilo kinachobaki ni kile chenye tarehe na mgeni rasmi. Mimi nadai kwamba ndani ya fungu hilo hilo, bila kuomba nyongeza, utaratibu ugeuzwe: mafunzo yalipwe kwanza, sherehe zilipwe kwa kilichobaki, na kisipobaki kitu pasiwe na sherehe. Hii haigusi hata jozi moja ya glovu zako.

Na kwenye vijiji vyetu wewe mwenyewe ni shahidi. Ujumbe wa chanjo, wa kipindupindu, wa kujifungulia kituoni, umepelekwa na nani? Mara nyingi ni kikundi cha ngoma na maigizo kilichoitwa na mganga mkuu, watu wakakusanyika kwa sababu ya ngoma wakabaki kusikiliza. Vikundi hivyo vina vijana waliofundishwa na mtu.

Mzee wa Ngamiani, asante sana. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Tanga ilitegemea soko na soko likafa. Bagamoyo ilitegemea serikali na serikali ikapungukiwa, ila kabla haijapungukiwa kabisa ilikuwa imeshaweka walimu mahali. Sisemi Bagamoyo ni bora. Kwa kutunga, Tanga iliwazidi wengi sana nchi hii. Ila ukitafuta leo mahali ambapo kijana wa miaka kumi na minane ataingia mlangoni na kufundishwa, mlango uko huku.

#6 Mchangiaji (mhitimu, ana kikundi)

Mimi nimepita kwenye mlango huo. Nasema ya uwanjani.

La kwanza, mlango unazidi kuwa mwembamba. Tangu 2007 chuo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), wakala wa serikali, maana yake nacho kinatakiwa kujitafutia mapato yake. Nawaelewa wanaokiendesha. Lakini kijana wa Kaole au Mlingotini anayepiga chapuo tangu mdogo hana ada, na mara nyingi hana vyeti vya kuingilia. Anayeingia ni mwenye mzazi wa kumlipia, ambaye pengine ngoma ameiona kwenye televisheni.

La pili ni wazee. Ajira ya serikali siku hizi inaanzia cheti cha kidato cha nne. Mzee anayejua kuwamba ngoma, anayejua ngozi ya mbuzi ikaushwe kivuli au jua, akoke makuti kiasi gani mpaka msondo utoe sauti aitakayo, hana cheti hicho na hatakuwa nacho. Wale wa 1981 waliletwa hapa kwa sababu ya ujuzi wao. Kwa taratibu za leo wangerudishwa getini. Hili halihitaji hata fedha nyingi, linahitaji utaratibu wa kumlipa mzee posho kama mkufunzi wa muda.

La tatu ni mikopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umefufuliwa kipindi hiki cha Rais Samia, na kazi yake kubwa imekuwa kuwakopesha wasanii. Kwa mwenye studio au anayetengeneza filamu ni jambo jema, atauza atarejesha. Lakini mimi nikikopa ili nimfundishe mtoto zeze kwa miaka mitatu, nitarejesha kwa nini? Mtoto halipi. Zeze halina mnunuzi wa kila wiki. Ule mfuko wa zamani ulioanzishwa 1998 kwa msaada wa Sweden ulikuwa ukitoa ruzuku, na hiyo ndiyo inayofaa kwa kazi ya kurithisha. Mkopo ni kwa biashara.

La nne niliseme kwa uchungu. Tumewahi kuitwa kucheza kwenye hafla ya taasisi moja ya umma. Tulicheza juani saa tatu, tukapewa wali na maji ya chupa, tukaambiwa posho itafuata. Haikufuata. Huo nao ni ufadhili wa sanaa, ila mfadhili ni sisi.

#7 Mchangiaji (Makorora, Tanga)

Naunga mkono hoja ya posho za wazee. Kuna mdumange, ngoma ya kule Usambaani, vijana wanaujua kwa kuigiza sherehe za shule tu.

#8 Mchangiaji (mwalimu wa historia)

Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mmezungumza kana kwamba fedha ya serikali haina masharti. Baada ya Azimio la Arusha 1967, ngoma, kwaya na ngonjera (mashairi ya kujibizana) zilifanywa chombo cha kueneza siasa. Mathias Mnyampala alikuwa mshairi mkubwa na ngonjera zake zina ufundi, lakini shuleni tulikaririshwa ngonjera za kusifu mpaka watoto wakadhani ushairi ni kusifu. Fedha ikitoka juu, msanii anajifunza haraka nini kinapendwa juu. Na hali ikiwa ngumu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwenye njaa hana nguvu ya kukataa.

Mifano ya nje inaonyesha hivyo hivyo. Marekani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. 1935 serikali ya Roosevelt ikaajiri waigizaji, wachoraji, wanamuziki na waandishi kwa maelfu, chini ya ule mpango wa ajira za dharura. Wakasema msanii naye ana tumbo, alipwe kwa kazi anayoiweza. Jambo zuri sana. Lakini mradi wa maigizo ulifutwa na Bunge lao 1939, na sababu kubwa ilikuwa siasa: wabunge waliona michezo inaegemea mrengo wa kushoto. Miaka minne tu. Aliyetoa ndiye aliyechukua.

Kwa hiyo mleta uzi, walimu wako watalindwa na nini?

#9 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kutokunionea haya.

Hatari unayoitaja ni ya kweli, na kwangu ni sababu nyingine ya kupeleka fedha kwenye mafunzo badala ya maonyesho. Anayelipia onyesho anasikia kila neno la wimbo na anaweza kuudai ubadilishwe. Anayelipia mafunzo analipia mikono: jinsi ya kushika upinde wa zeze, jinsi ya kupokezana mapigo, jinsi ya kusimama jukwaani sauti ikafika nyuma bila kipaza sauti. Kijana akishajua hayo, wimbo ataimba wake. Wangapi wamesomea chuo cha serikali hapa Bagamoyo wakaenda kuimba mambo ambayo serikali isingeyatunga?

Pili, namna ya kugawa. Ireland walianza majaribio 2022, katikati ya makovu ya korona, ya kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki kwa miaka mitatu. Waliokidhi vigezo walikuwa zaidi ya 8,000. Hawakuweka kamati ya kuamua nani ana kipaji zaidi, walipiga kura ya bahati nasibu. Aliyepata hakupata kwa kumjua mtu, na hana wa kumshukuru kwa wimbo. Sisi hatuna euro 325 za kumpa mtu kwa wiki na sipendekezi hivyo. Ninalolipenda ni lile la kuitoa kamati katikati. Wazee wanaofundisha waorodheshwe na watu wa kata yao, kwenye mkutano, kwa ufundi ambao kila mtu anaujua. Ukienda kijijini ukauliza nani anajua ngoma, hutapewa jina la mwanasiasa.

Nimgeukie mhitimu. Kaka, hilo la kutolipwa limenikera. Kila halmashauri inayoita kikundi iwe na hati ya malipo kabla ya ngoma kupigwa, kama inavyofanya kwa mwenye mahema. Hakuna mwenye mahema anayeambiwa posho itafuata.

#10 Mchangiaji (Dar es Salaam)

Niongeze jambo la kiuchumi, fupi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini sanaa ya jukwaani haiwezi kupunguza gharama kama kiwanda. Mashine mpya inamwezesha mfanyakazi mmoja kushona mashati mengi zaidi kuliko zamani. Lakini muziki wa wapigaji wanne bado unataka wanne, na muda ule ule uliotumika miaka mia mbili iliyopita. Mishahara ya wengine inapanda kwa sababu wanazalisha zaidi, ya mpiga ngoma inabidi ipande ili asikimbie, na yeye hazalishi ngoma nyingi zaidi kwa saa. Kwa hiyo pengo linakua hata kama msimamizi ni mwadilifu na kiingilio kinalipwa. Ngoma inayotaka wapigaji wanne na wachezaji wanane haitajilipa Bagamoyo, na wala haijilipi kwa matajiri.

Pia kuna ile tozo ya hakimiliki iliyoanzishwa 2023 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakili. Hiyo haitoki kwenye dawa wala madawati. Sehemu yake ikielekezwa kwenye kurithisha ujuzi, nani atalalamika? Na zile tepu za Radio Tanzania zihamishiwe kwenye kompyuta zote, si baadhi. Tepu inaoza. Kila msimu wa mvua ni hasara.

#11 Mchangiaji (muuguzi)

Nimerudi. Mleta uzi umenijibu kwa adabu, na hilo la vikundi vya ngoma kwenye chanjo ni kweli, tumekwenda nao mara nyingi.

Lakini bado sijaridhika. Mnasema wizara, mfuko, tozo. Wote mko mbali. Mnaoumia ni wa kata, na fedha mnazozitaja zinaamuliwa Dodoma. Kuna kitu gani mnaweza kufanya hapa hapa, kabla mzee mwingine hajaondoka?

#12 Mchangiaji (mtendaji mstaafu, Tanga)

Dada ameuliza swali la maana kuliko yote humu.

Nimefanya kazi kwenye kata muda mrefu. Kosa kubwa la wasanii ni kuja kupiga kelele mwezi wa sita. Bajeti ikisomwa bungeni imeshamaliza safari yake. Mipango ya mitaa na vijiji huanza miezi ya mwisho wa mwaka, inapita kamati ya maendeleo ya kata, na baraza la madiwani linapitisha makadirio ya halmashauri mapema mwaka unaofuata. Kikundi kisichoonekana kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa kumi na moja hakitaonekana kwenye kitabu cha bajeti, hata kiwe na kipaji gani. Wavuvi wanajua hilo. Wakulima wanajua. Wasanii sijawahi kuwaona.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya madudu yaliyokuwemo, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ni mkopo, lakini hauna riba. Kikundi cha vijana kinachochonga na kuuza ngoma, kinachoshona mavazi ya jukwaani, kinachokodisha vyombo, kinastahili kuomba kama kikundi cha bodaboda. Nakubaliana na mhitimu kwamba kufundisha hakurejeshi mkopo. Lakini karakana ya kutengeneza ngoma inarejesha, na ndani ya karakana hiyo mzee anafundisha kila siku bila kuitwa mwalimu.

Jisajilini. Fungueni akaunti ya benki. Andikeni muhtasari wa vikao. Nimeona vikundi vizuri vikikosa kwa sababu ya karatasi mbili.

#13 Mchangiaji (Ngamiani, Tanga)

Mzee mtendaji, laiti ungekuwepo na Lucky Star.

Tuanze na orodha. Tanga nitashughulikia mimi: nani aliyebaki anayejua kupiga fidla ya taarab ile ya zamani, nani ana vyombo vya bendi za zamani ndani kwake. Nitaanzia Ngamiani, Makorora, Chumbageni. Msiandike majina yao humu wala namba zao, nitumieni kwa faragha.

#14 Mleta uzi

Nimekubali. Kwa Bagamoyo orodha nitaanza nayo mimi: Magomeni, Dunda, Kaole, Mlingotini, na vijiji vya ndani vya Wakwere ambako sijui nani ananisubiri. Natafuta mafundi wa aina nne: wawambaji, wapiga zumari, wanaojua nyimbo za unyago na jando na wako tayari kufundisha zile zinazoruhusiwa kutoka nje, na wachongaji wa ala. Mhitimu, nakuomba tuwe pamoja, wewe unajua kuuliza maswali ya kitaalamu kuliko mimi.

Ombi letu kwenye mkutano wa mtaa litakuwa moja tu: posho ya mwezi kwa wazee wachache, vijana wao wafike mara mbili kwa wiki, na vifaa. Tutapeleka mwezi wa kumi na moja, kama mzee mtendaji alivyoelekeza.

#15 Mchangiaji (muuguzi)

Nitahudhuria huo mkutano. Nikiona kuna fungu la mahema au la mgeni rasmi ndani ya ombi lenu, nitasimama kulipinga mbele ya watu. Nisipoliona, nitanyoosha mkono.

Na muweke kipengele cha bima ya afya ya hao wazee. Mnataka wafundishe miaka mingapi bila kutibiwa?

#16 Mleta uzi

Kipengele cha bima kinaingia leo. Dada, ukipata nafasi njoo uandike hicho mwenyewe, wewe ndiye unayejua gharama zake.